Ikikosea, Aamshwe

Jumatatu, 2 Machi

Asubuhi: mawingu mazito upande wa mto, upepo kidogo, hakuna mvua.

Leo Fundi Mkuu amenipa kazi ya kuandika amri ya kulala. Nilipomweleza mama jioni, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama nina homa. Basi nieleze hapa vizuri, kama nilivyomweleza yeye.

Karakana yetu inatengeneza vifaa vya kupimia. Ndani ya kila kifaa kuna chipu, na chipu zote huazima amri kutoka kwenye maktaba moja. Si maktaba ya vitabu. Ni mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ili mtu anayetaka kifaa kisome joto au kiwashe taa asianze kuvumbua moto upya. Amri nyingi zimo. Ya kulala haimo. Vifaa vyetu vyote vilikuwa vya kuchomeka ukutani, na anayelishwa umeme bure hana haja ya kulala.

Sasa kamati ya Mtaa wa Chini inataka kifaa cha kusimamishwa kwenye nguzo pale mto unapopinda, kipime kina cha maji na kupiga king'ora kabla maji hayajaingia majumbani. Mwaka jana yaliingia bila hodi. Pale nguzoni hakuna umeme, kifaa kitaishi kwa betri. Kikikaa macho muda wote, betri inakwisha kwa siku tatu. Kikilala, kikaamka kila robo saa kupima na kulala tena, betri itavuka msimu mzima wa mvua.

"Una mpaka mwisho wa mwezi," Fundi Mkuu aliniambia. "Ikishindikana tutaweka kisicholala, na mtu awe anakwenda kubadilisha betri."

"Njia ya kule ikijaa maji ataendaje?" akauliza kijana wetu wa umeme, ambaye hata mshahara wake husainiwa kwa jina la Betri. "Ataogelea na betri mdomoni?"

Fundi Mkuu akajifanya anatafuta kalamu.

Jambo jingine, la muhimu kuliko yote kwangu. Katika maktaba yetu kila amri huanza na mstari mmoja usiosomwa na mashine, unaosomwa na watu tu: "Ikikosea, aamshwe:" halafu jina. Mpaka leo amri zote zina jina moja, la Fundi Mkuu. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kazi hii kwa kukaa nyuma ya migongo ya watu. Nataka jina langu liwemo. Nimeandika, sifuti.

Dada yupo hapa nyumbani tangu ajifungue. Nyumba yake iko Mtaa wa Chini, ya tatu kutoka majini.

Nalala saa nne.

Jumatano, 4 Machi

Jua. Nimeandika. Nimefuta.

Ijumaa, 6 Machi

Asubuhi: rasharasha, ikakatika kabla ya chai.

Imefanya kazi! Nimeiambia chipu ilale robo saa. Ikalala, ikaamka, ikawasha taa. Nikairudia, ikarudia. Nilitembea kwenda kunywa maji kama mtu aliyevishwa nishani.

Nikampelekea Fundi Mkuu. Alichukua muda mrefu, kisha akarudisha na maneno mawili: "Soma tena."

Ndiyo maana sisi humwita Soma Tena, akiwa hayupo.

Jumatatu, 9 Machi

Asubuhi: ukungu hadi saa mbili.

Nimesoma tena. Kweli nilisahau kitu, nacho ni kikombe cha mvua. Kifaa cha nguzoni kina kikombe kidogo juu yake. Kikijaa maji ya mvua kinapinduka, kinamwaga, na kila kinapopinduka hutuma ishara ili mvua ihesabiwe. Ishara hiyo humwamsha aliyelala. Amri yangu ilikuwa ikiamshwa tu, inadhani robo saa imekwisha.

Nimerekebisha. Sasa ikiamshwa na kikombe inahesabu, kisha inarudi kulala. Nilipindua kikombe kwa kidole, mara moja, halafu mara nyingine. Safi.

"Kakifunge nguzoni," akasema Soma Tena. "Kwa majaribio. King'ora kisiungwe bado."

Tulikwenda na Betri. Dada aliponiona narudi na matope magotini akacheka: "Mdogo wangu, kazi ya ofisini gani hii?"

Nalala saa tatu na nusu, nikiwa nimechoka vizuri.

Jumatano, 11 Machi

Mtoto amelia usiku kucha. Dada anasema ni tumbo. Mimi ni mama yake mdogo na nampenda, lakini leo nimeandika mistari minne na mitatu ilikuwa upuuzi. Hivi dada angechukua chumba cha mbele ingekuwaje?

Jumamosi, 14 Machi

Mvua kubwa, ya kwanza. Bati lilipiga kelele hata hatukusikilizana mezani. Nimekaa nikiwaza kifaa changu kule nguzoni kinavyofanya kazi. Nilijisikia kama mama wa mtoto aliyeingia darasa la kwanza.

Jumatatu, 16 Machi

Asubuhi: kumetakata. Jua la kejeli.

Betri alileta kumbukumbu za kifaa, tukazifungua watatu. Jumamosi kabla ya mvua: kipimo kila robo saa. Baada ya mvua: kipimo kila robo saa. Wakati wa mvua yenyewe, saa mbili nzima: hakuna kitu. Kikombe kilihesabu kila kumwagika, lakini maji ya mto hayakupimwa hata mara moja.

Niliona kosa kabla hawajauliza. Kila kikombe kilipopinduka, amri yangu iliamka, ikahesabu, ikarudi kulala robo saa nzima upya. Kabla robo saa haijakwisha, kikombe kikapinduka tena. Ikaanza upya. Mvua ilivyozidi, ndivyo ilivyozidi kulala. Ilipima mto pale tu mvua ilipokuwa imechoka yenyewe.

"Hiki kifaa," Soma Tena akasema taratibu, "kinalala usingizi wa pono mvua ikinyesha. Kama binadamu tu."

Betri alicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu machozi yangeonekana vibaya. Maji hayakupanda siku ile. Ni bahati, na bahati haiandikwi kwenye maktaba.

"Soma tena," akasema.

Jumanne, 17 Machi

Mawingu. Toleo la pili. Sasa ikiamshwa inatazama imebakiza muda gani, inalala huo uliobaki tu. Ni jambo la wazi kabisa. Sijui kwa nini sikuliona.

Alhamisi, 19 Machi

Asubuhi: manyunyu.

Soma tena!

Safari hii nilibishana. Nilipindua kikombe mara kumi kwa kidole na robo saa ilibaki robo saa. Yeye akachukua kopo la kumwagilia maua, akalijaza, akamimina juu ya kikombe bila kupumzika. Robo saa ikaelekea nusu saa.

Sababu niliipata baada ya chakula. Kihesabio cha chipu hii hakijui vipande vya sekunde. Kikiamshwa katikati ya sekunde, muda uliobaki kinaupandisha hadi sekunde kamili. Kidogo tu. Lakini kikombe kikipinduka mfululizo, kila mara kinaongezewa kidogo hicho, kama mteja anayeomba nyongeza kila akinunua. Mwishowe duka linafilisika.

"Hakuna mvua inayonyesha kama kopo lile," nilimwambia.

"Mvua haijasoma vipimo vyako," akanijibu, akaenda zake.

Nadhani sasa naelewa. Hataki jina la mtu wa kidato cha nne kwenye maktaba yake. Angesema wazi basi, badala ya kunimwagia maji.

Nalala saa tano na hasira.

Jumapili, 22 Machi

Asubuhi: mvua ya wastani, ikapungua saa nne.

Nilipita karakana kuchukua mwavuli niliousahau Ijumaa. Mlango ulikuwa wazi. Soma Tena alikuwa ndani peke yake, mikono ya shati imekunjwa, amelowa hadi kwenye viwiko, kopo mkononi, saa ya ukutani ameishusha na kuisimamisha mezani. Anaijaribu amri yangu. Si ya mtu mwingine. Pembeni alikuwa ameandika vipimo, kurasa mbili, kwa mwandiko wake wa kubanana.

"Ah, binti. Umekuja kunisaidia au kuniibia?"

"Kuchukua mwavuli, Fundi."

"Shika kopo kwanza. Bega limekufa."

Nikamimina. Alikaa, akakamua shati. Nikamuuliza kwa nini haendi kupumzika, leo Jumapili.

"Mvua ikinyesha silali vizuri," akasema. "Yale majina yote kwenye maktaba ni yangu. Mwaka jana simu iliita mara tatu kwa msimu. Sasa hii yako si ya kuwasha taa. Hii ikikosea, anayeamshwa atakuta maji yameshafika kitandani kwa watu. Nitaliweka jina lako siku ambayo nina hakika simu haitaita. Nikuwekee kabla ya hapo, nitakuwa nimekupa mzigo, si heshima."

Nilimimina mpaka kopo likaisha. Halafu nikalijaza tena bila kuambiwa.

Jumanne, 24 Machi

Asubuhi: mvua tangu alfajiri, ya kunong'ona.

Naandika haraka, ni mchana, niko kazini.

Leo kwenye chai mama alimwuliza dada: "Umelala saa ngapi jana, mwanangu? Macho yamekuwa mekundu."

"Mama, mimi nimeacha kuhesabu saa za kulala," dada akasema, mtoto begani. "Ukihesabu utalia. Mimi nalala mpaka saa kumi na mbili, basi. Aniamshe mara tano, aniamshe mara kumi, namnyonyesha, natazama saa ukutani. Saa kumi na mbili bado? Narudi kulala. Imefika? Naamka. Sina hesabu nyingine."

Niliacha kikombe cha chai kimejaa. Mama anasema niliacha na kiatu kimoja, lakini huyo ni mama na chumvi zake.

Mimi nilikuwa nahesabu muda wa kulala. Kila kuamshwa, hesabu mpya. Kila hesabu mpya, kosa dogo. Dawa ni kutohesabu tena kabisa. Kabla ya kufumba jicho, jua saa ya kuamka. Uiweke. Kila ukiamshwa uliza swali moja tu: imefika? Kama bado, rudi ulale mpaka saa ileile. Wakuamshe mara mia, ile saa haisogei.

Dada amelibeba jibu hilo begani wiki tatu, chumba cha pili, nami nilikuwa nalalamika kuhusu kelele.

Jumatano, 25 Machi

Mistari kumi na moja. Toleo la kwanza lilikuwa na arobaini.

Fundi Mkuu (sitamwita tena lile jina, angalau humu) aliisoma akiwa amesimama. Akauliza kitu kimoja: "Na mtu akirekebisha saa? Betri husahihisha saa ya kifaa kila anapokwenda. Akiirudisha nyuma, mwenzako atalala mpaka lini?"

Nilikuwa nimeshafikiria. Nilimwonyesha mstari wa tatu. Amri haitazami ile saa ya tarehe inayorekebishwa na watu. Inatazama kihesabio kinachoanza kifaa kinapowashwa na kwenda mbele tu, hakuna anayekigusa.

Akausoma mstari huo tena. Akasema, "Ehe."

Kwa muda wote niliokaa karakana sijasikia "Ehe" kutoka kwake. Nalala saa tatu, na hata mtoto akilia leo alie tu.

Ijumaa, 27 Machi

Asubuhi: jua kali. Mvua tumeitengeneza wenyewe.

Jaribio la kopo, tangu tulipofungua hadi mchana. Betri ndiye aliyemimina, akipiga kelele kama mchuuzi: "Mvua! Mvua fresh! Bi Usingizi, leta ndoo nyingine!" Bi Usingizi ni mimi, nimeshabandikwa.

Kila robo saa, taa. Alimimina polepole, taa. Alimimina kwa nguvu mpaka meza ikawa bwawa, taa. Alirudisha saa ya kifaa nyuma siku nzima kwa ukorofi, taa.

Fundi Mkuu alipitia kumbukumbu mara mbili, akaniita kwenye kompyuta yake. Amri yangu ilikuwa wazi kwenye kioo, na mstari wa juu ulikuwa umeishia kwenye nukta mbili: "Ikikosea, aamshwe:"

"Andika," akasema, akanipisha kiti.

Nimeandika jina langu, herufi kwa herufi, kwa kidole kimoja, kama mtoto wa shule. Betri akapiga makofi kwa mikono iliyolowa.

Nyumbani nilimwambia mama. Akauliza, "Sasa kama kitu kikiharibika usiku, watakuamsha wewe?" Nikasema ndiyo. "Na hilo ndilo unalolifurahia?" Nikasema ndiyo, mama. Baadaye nilimsikia uani akimwambia jirani kupitia ukuta: "Binti yangu sasa ndiye wa kuamshwa." Alilisema kama mtu anayetangaza cheo.

Jumatatu, 30 Machi

Mawingu. Kifaa kimefungwa, king'ora kimeungwa. Mchana dada amerudi kwake na mtoto. Nyumba imekuwa kimya. Nadhani sitalala vizuri kwa ajili ya kimya hicho.

Jumamosi, 4 Aprili

Manyunyu. Kila kitu kawaida.

Jumatano, 8 Aprili

Asubuhi: mvua ya kati.

Shemeji, mume wa dada, amenipigia: "Shemeji, mashine yenu imekufa. Haina taa, haina sauti."

"Imelala."

"Na mwenyekiti wa kamati anaipiga na fimbo kila asubuhi ili aone kama ni nzima."

Nilimwomba amwambie mwenyekiti aache, mwenzake anaamka kila robo saa, hakuna mzee anayeamka zaidi ya hapo. Shemeji akacheka: "Basi hujui wazee."

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Kawaida.

Ijumaa, 17 Aprili

Mvua. Betri amekagua nguvu ya betri: karibu imejaa. Njia ya nguzoni imeanza kuwa tope la magoti.

Jumanne, 21 Aprili

Asubuhi: giza. Mvua ilianza kabla ya jua na haikuwa na nia ya kuacha.

Mchana njia ya nguzoni ilifungwa na maji, kama Betri alivyosema mwezi uliopita. Hakuna ambaye angeweza kufika kule tena, awe na betri mdomoni au mikononi.

Kutoka dirisha la karakana, palipo juu, Mtaa wa Chini huonekana wote. Leo zilionekana paa tu, tena kama zimechorwa na mtu mwenye mkono unaotetemeka. Nilijaribu kuandika kazi nyingine. Sikuweza. Nilikuwa nasikia kikombe. Kiko mbali sana, sikuweza kukisikia, lakini nilikisikia: kinajaa, kinapinduka, kinajaa, kinapinduka, bila kupumua. Ilikuwa mvua ya kopo. Ile niliyosema haipo.

Saa tisa nilimpigia dada.

"Mto uko chini ya daraja bado," akasema. "Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu. Mtoto amelala, nami naji..." Simu ikakatika, haikupatikana tena.

Fundi Mkuu alikuja kusimama kando yangu. Hakutazama saa. Mimi nilitazama. Robo saa ikapita, kimya. Nikajiambia: imeamka, imepima, maji bado, imelala. Au haijaamka. Kwa masikio, hayo mawili ni kitu kimoja. Kimya cha kifaa kinachofanya kazi na kimya cha kilichoshindwa havina tofauti hata chembe, na nyuma ya kimya hicho alikuwapo dada yangu na mtoto aliyelala.

Robo nyingine. Kimya. Betri aliacha mzaha, na hapo ndipo niliogopa kweli.

"Uliisoma tena?" Fundi Mkuu akaniuliza, kwa upole.

"Mara nyingi, Fundi."

"Basi."

Robo iliyofuata ilikuwa haijaisha kichwani mwangu, nilikuwa nimepoteza hesabu, king'ora kikalia. Kilipita ndani ya mvua kama kisu ndani ya kitambaa. Betri alipiga ukelele. Mimi nilifungua dirisha.

Kutoka dirishani tuliwaona wakitoka. Watu walio na magodoro vichwani, na watoto migongoni. Mtu mmoja alivuta mbuzi, mbuzi akambishia njia nzima. Tulishuka hadi mwanzo wa mteremko kuwapokea. Dada alikuwa katikati ya kundi, amekaza khanga kiunoni, beseni kubwa la plastiki mbele kifuani. Ndani ya beseni, chini ya mwavuli wa shemeji, mtoto alikuwa amelala fofofo. Katika mtaa mzima ni yeye pekee ambaye hakuamshwa.

"Ni ile yako?" dada akaniuliza, akihema. "Ile ya pale nguzoni?"

"Ni ile yangu."

"Ina kelele kama mama akikuta vyombo havijaoshwa."

Halafu tukashikana, beseni katikati.

Mwenyekiti wa kamati alihesabu watu wake pale juu, nyumba kwa nyumba, fimbo ileile mkononi. Hakupungua mtu. Kabla giza halijaingia maji yalikuwa yamefika usawa wa madirisha ya dada. Kabati limekwenda, na cherehani, na kitanda. Shemeji alitazama akasema vitu vinanunuliwa, lakini sauti haikuwa yake. Hilo nalo nimeliona, siwezi kuandika furaha tu.

Wakati wa kuagana Fundi Mkuu alikuwa anafuta miwani kwa kona ya shati, ambayo nayo ililowa.

"Saa tisa nilianza kushika simu mfukoni," akaniambia. "Nasubiri iite. Halafu nikakumbuka kwamba jina lililoandikwa pale si langu. Binti, ni mara ya kwanza mvua inanyesha hivi nami sina la kufanya."

"Ulijisikiaje, Fundi?"

"Vibaya sana." Akavaa miwani. "Nitazoea. Nina amri nyingine mbili zinazotaka mtu."

Sasa nyumba imejaa. Shemeji yuko sebuleni na godoro lililookoka. Mama ameosha khanga zote, anaimba jikoni. Dada na mtoto wako hapa kitandani kwangu, wamechukua robo tatu ya nafasi. Nilimwuliza dada nizime taa au anataka kukaa kidogo.

"Zima," akasema, macho ameshayafumba. "Mpaka saa kumi na mbili."

Mvua imebaki ya kunong'ona tu. Kule nguzoni kifaa changu kiko ndani ya maji hadi kifuani, kinalala, kinaamka, kinapima, kinalala. Simu nimeiweka kando ya mto wa kulalia, sauti juu kabisa. Haijaita.

Nalala saa tatu na dakika ishirini.